Kabla hujamwita jina, mgeuze: niliyojifunza kwa fukusi wa majani

Wiki iliyopita msomaji mmoja alinitumia picha ya fukusi wa kijani aliyetulia juu ya jani. Amempiga picha kutoka juu, miguu imekunjwa chini ya mwili, mgongo unang'aa kama shaba mpya. Chini ya picha kaandika: "Huyu ni Phyllobius argentatus, sivyo? Nimempata mara kumi na moja wiki hii." Nilikaa na simu mkononi muda mrefu bila kujibu. Maneno hayo hayo, kwa uhakika huo huo, niliwahi kuyaandika mimi, na yalinigharimu.

Nikamjibu kwamba kwa picha ile siwezi kusema. Nikamwomba picha mbili nyingine, moja ya pua kutoka ubavuni na moja ya mguu wa mbele. Akasema mdudu ameshajiangusha kwenye majani makavu na hajaonekana tena. Nadhani alikasirika kidogo. Namwelewa, na ndiyo maana leo naandika kwa urefu, maana jibu la mstari mmoja halimfai mtu mwenye kiu kama yake.

Nianze na aibu yangu. Msimu wangu wa kwanza nilijaza daftari zima. Kuanzia mwisho wa Aprili, majani mapya yanapofunguka, hadi Julai, niliandika jina hilo moja mara 43. Nilikuwa na sababu ambazo wakati ule niliziona nzito. Jina lenyewe argentatus lina maana ya aliyepambwa kwa fedha, na mdudu niliyemwona alikuwa akimetameta. Kila nilichosoma kilimtaja kuwa wa kawaida kwenye miti ya majani mapana. Linnaeus, yule mwanasayansi wa Uswidi, alimpa jina lake mwaka 1758, nikaona mdudu anayejulikana tangu zamani hivyo hawezi kuwa na matatizo. Nilikuwa namwona, naandika, nasonga mbele. Siku nyingine sikuwa hata nasimama.

Mwisho wa msimu nikaipeleka orodha kwenye kikundi cha waangalizi wa wadudu, na hapo palikuwa na mzee anayehakiki orodha za wengine. Niliingia nikiwa na fahari. Mzee akapitisha kidole juu ya karatasi yangu mbele ya watu wote, akasema, "Kijana, hapa hakuna hata mmoja ninayeweza kumkubali. Ulitazama mapaja?"

Sikuwa nimetazama mapaja. Nikanyamaza. Watu wawili watatu wakacheka, mzee akaiweka karatasi pembeni na kuchukua ya mwingine. Mambo yangu yakaishia pale, kazi ya miezi mitatu ikawekwa pembeni kama bahasha tupu. Nasema wazi kwamba bado inaniuma. Kukosea sikatai, nilikosea kweli. Kinachoniuma ni kwamba mtu mwenye elimu ile angeweza kutumia dakika mbili akanionyesha jino moja kwenye paja moja, na hakufanya hivyo. Ninyi mnaojua, msiwafanyie wanaoanza hivyo. Mwonyesheni mtu mahali pa kutazama, kisha mkosoe.

Zikapita wiki kadhaa sijagusa kichaka. Halafu siku moja, nikitafuta kitu kingine kabisa kwenye droo, nikakuta kiberiti nilichokuwa nimewekea wadudu wachache waliokufa. Nikachukua kioo cha kukuzia mara kumi, nikamlaza mmoja ubavu chini ya taa. Kwenye paja la mbele, upande wa ndani, kulikuwa na mwiba mdogo umechongoka, ndilo jino lenyewe. Nikawachukua na wengine watatu waliokuwa mle. Wawili walikuwa nao. Wa tatu paja lake lilikuwa laini toka juu hadi chini. Wote wanne walikuwa wa kijani, wote nilikuwa nimewaandika jina moja. Usiku ule sikulala vizuri, na haikuwa kwa huzuni.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe. Ukitaja fukusi, wengi humfikiria yule mweusi wa ghalani mwenye pua kama sindano. Fukusi wa majani wako familia moja naye, Curculionidae, ila tawi lao ni Entiminae, ambao pua ni fupi na pana. Wa kijani tunaowazungumzia hapa wengi ni wa jenasi mbili, Phyllobius na Polydrusus, ambazo spishi zake nyingi zina asili ya Ulaya na Asia, na baadhi zimeshavuka hadi Amerika Kaskazini. Funza wao huishi udongoni wakila mizizi. Mdudu mpevu anapotoka udongoni huwa na pembe mbili za muda kwenye taya, za kumsaidia kujichimbua. Baadaye hudondoka na kuacha makovu. Mimi makovu yale nayapenda kupita kiasi. Kila nikiyaona kwenye kioo nakumbuka kwamba kiumbe huyu mdogo alipasua ardhi ili afike kwenye jani.

Kuhusu kijani chao: si rangi iliyopakwa. Mwili wa chini ni mweusi au wa kahawia, na juu yake kuna vigamba vidogo vidogo, kama vya bawa la kipepeo. Ndani ya kila kigamba kuna muundo mdogo mno unaorudisha mwanga wa rangi fulani na kuuacha mwingine upite. Ndiyo maana mdudu yule yule kwenye kivuli unamwona wa buluu-kijani, ukimsogeza kwenye jua anakuwa wa dhahabu. Na ndiyo maana picha yako na picha ya kitabuni hazitafanana hata mkimpiga picha mdudu mmoja. Kibaya zaidi, vigamba hupukutika. Mdudu wa wiki ya kwanza anang'aa mwili mzima, wa wiki ya sita ana mabaka, na mzee wao anaweza kubaki karibu mweusi mtupu.

Hili lilinitesa mara moja. Kwenye kichaka cha ule mmea unaowasha, Urtica dioica, nilipata fukusi mkubwa kiasi, karibu milimita 9, mweusi, ana vigamba vichache vya kijani kwenye mikunjo tu. Nikaamini nimepata kitu kipya. Siku tatu nilizunguka naye kwenye kichupa, nikafungua kila picha niliyoweza kuifikia, nikachora pua yake, nikachora kifua chake. Siku ya nne nikarudi kichakani, mikono yangu ikiwa na malengelenge, nikakuta jozi imepandana: mmoja wa buluu-kijani safi, mwingine mweusi kama wangu. Wote wawili walikuwa na jino kubwa kali kwenye paja la mbele. Alikuwa Phyllobius pomaceus aliyechakaa. Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi. Ningetazama paja siku ya kwanza ningeokoa siku tatu.

Huyo pomaceus pia alinifundisha kutoamini majina. Neno hilo linatokana na tofaa, ilhali mdudu mwenyewe makao yake ni mmea unaowasha. Zamani waliwahi kumwita urticae, na kwa kweli lilimfaa zaidi. Phyllobius pyri naye jina lake ni la mpea, lakini utamkuta kwenye miti ya kila aina. Kwa hiyo mtu asikwambie "nilimpata kwenye mti fulani, basi ni fulani". Mmea unakusaidia kukisia. Kichaka kikiwa chini ya mwaloni, upepo ukivuma unaangusha fukusi wa mwaloni juu yake, na utawakuta wamekaa pale kana kwamba ni kwao.

Basi tazama nini? Paja, nimeshasema, na nitasema tena. Mgeuze mdudu umwone ubavuni, tafuta mwiba upande wa ndani wa paja la mbele. Argentatus anao. Pomaceus anao, na ni mkubwa. Pyri anao. Phyllobius roboretanus na Phyllobius viridiaeris, wale wadogo wa kijani, hawana. Polydrusus formosus, mzuri kuliko wote machoni pangu, hana. Huyo formosus ndiye aliyekuwa amejificha kwenye daftari langu, na wala usijilaumu sana akikuponyoka, maana ni wa kijani mwili mzima, miguu na vipapasio vyake ni vya rangi hafifu, na kwa miaka mingi vitabu vilimwita Polydrusus sericeus, hivyo utakutana na majina mawili ya mdudu mmoja.

Lakini jino peke yake halitoshi kutenganisha jenasi. Polydrusus cervinus, yule mwenye mabaka ya vigamba na sehemu nyeusi katikati kama nguo iliyoliwa na nondo, ana vijino pia. Kwa hiyo nenda kwenye pua. Kila fukusi ana mfereji mdogo kwenye pua ambamo kipapasio huanzia. Kwa Phyllobius mfereji huo ni mfupi, uko juu, ukimtazama kutoka juu unauona kama kishimo. Kwa Polydrusus uko ubavuni na unapinda kwenda chini, kuelekea chini ya jicho. Hiyo ndiyo alama kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo hakuna anayeipiga picha. Watu wanapiga mgongo. Mgongo ni mzuri, nakubali, nami nina picha za mgongo kwa mamia. Lakini mgongo haujawahi kunipa jina la uhakika.

Alama ya tatu ni nywele. Mtazame mdudu kwa ubavu dhidi ya mwanga, macho yako yakifuata ukingo wa mabawa magumu ya mgongoni. Argentatus ana nywele zilizosimama, unaziona kama ndevu za siku mbili juu ya vigamba vya mviringo. Formosus ni laini, ukingo wake ni mstari safi. Nilipoliona hili mara ya kwanza nilipiga kelele peke yangu msituni. Phyllobius maculicornis naye ana nywele, na anafanana mno na argentatus, ila zake ni fupi, na miguu yake na vipapasio vina giza zaidi. Jina lake linamaanisha mwenye pembe zenye madoa. Hapa ndipo unapohitaji kuwa na wote wawili mbele yako, mmoja kushoto na mwingine kulia. Nywele fupi au ndefu ni neno lisilo na maana mpaka uone zote mbili.

Umbo la vigamba vyenyewe pia lisikupite. Argentatus na formosus vya kwao ni vya mviringo, kama sarafu zilizopangwa. Pomaceus na pyri vya kwao ni virefu na vyembamba, karibu unyoya. Kwa kioo cha kukuzia mara kumi utaliona, ukiwa na mwanga mzuri na mkono usiotetemeka.

Kuwapata si kazi kubwa, kwa hiyo sitakawia hapo. Shika mwavuli mweupe umeugeuza chini ya tawi, ligonge tawi mara moja kwa fimbo, kwa nguvu, usilitikise polepole. Fukusi akihisi mtikisiko mdogo hujishikilia; akishtuliwa hujiangusha. Nenda asubuhi kabla joto halijapanda, maana wakishapata joto hukimbia, na wengine huruka kabla hujainama. Tafuta majani yaliyoliwa pembeni kwa vipande vya nusu duara. Usiende na wenzako wanne wanaopiga soga. Na uwe na vichupa, vichupa vingi, kila kichupa mdudu mmoja na karatasi yake ndani: tarehe, mti, saa. Nilipoteza nusu ya msimu wa pili kwa sababu niliwaweka wote kwenye chupa moja, nikafika nyumbani sikumbuki nani alitoka wapi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, lazima niseme, lilinipa furaha kubwa mwaka huu. Mwezi Mei nilikuwa nikigonga matawi ya chini ya mwaloni, na kwenye mwavuli wakaanguka kumi na wawili, karibu wote argentatus. Zamani ningeandika kumi na wawili nikaendelea. Safari hii niliwachukua mmoja mmoja. Wa saba alikuwa mdogo, kijani, mfereji wa pua umepinda ubavuni. Polydrusus, basi. Paja laini. Formosus? Alikuwa mdogo mno. Nikamtazama kichwa kutoka juu, na nyuma ya macho kulikuwa na uvimbe pande zote mbili, kama mtu aliyejaza hewa kwenye mashavu. Sikuwa nimewahi kuuona uvimbe ule kwa macho yangu, nilikuwa nimeusoma tu. Polydrusus pterygomalis. Moyo ulinidunda.

Sikuandika jina siku ile. Nilimpiga picha tisa: kichwa kutoka juu, pua ubavuni, paja la mbele, ukingo wa mgongo, tumbo. Nikalala nazo usiku mmoja. Asubuhi nikazitazama upya kana kwamba ni za mtu mwingine, nikajaribu kumfanya awe kitu kingine, nikashindwa. Ndipo nikazituma kwenye kile kikundi. Yule mzee bado yupo na bado ndiye anayehakiki. Jibu lake lilikuwa neno moja: "Sahihi." Nimelihifadhi. Wenye kumjua watakwambia huyu si mtu wa kutoa neno hilo hovyo, na mimi nililisubiri tangu siku ile ya karatasi kuwekwa pembeni.

Ninajua wengi wenu mnaosoma hapa mnataka jambo hilo hilo. Mnataka siku moja orodha yenu ikubaliwe bila swali, jina lenu likitajwa watu waseme huyo akisema ni fulani, ni fulani. Ni tamaa nzuri, msiione haya. Lakini haiji kwa wingi wa majina. Nimeona watu wana spishi mia kwenye orodha na hawajawahi kumgeuza mdudu hata mmoja. Wanamwona wa kijani, wanachagua picha inayofanana, wamemaliza. Kisha orodha hiyo inatumiwa na mtu mwingine kusema spishi fulani iko mahali fulani, na kosa la mtu mmoja linakuwa ukweli wa watu wengi. Argentatus wangu 43 wangebaki kwenye kumbukumbu leo kama yule mzee asingewakataa. Kwa hilo namshukuru, hata kama namna yake sitaisahau.

Jifunzeni kuandika "Phyllobius tu". Jifunzeni kuandika "Polydrusus, paja halikuonekana". Daftari langu la mwaka jana lina kurasa nzima za namna hiyo na sizionei aibu. Roboretanus na viridiaeris, kwa mfano, mimi sitawatenganisha kwa picha ya mgongo hata ukinibembeleza. Nikiwa na picha hiyo tu naandika kwamba ni mmoja wa hao wawili na nasonga mbele. Afadhali ukurasa wenye majina ya jenasi uliyoyahakikisha kuliko ukurasa wa spishi ulizozikisia. Na mkiwa na kioo cha kukuzia mfukoni kitumieni pale pale, kabla ya kuandika. Paja kwanza, halafu pua, halafu nywele.

Na tafadhali msiwaue wote. Wengi utawatambua wakiwa hai: mtie kichupani, mweke kivulini dakika kumi apoe, atatulia vya kutosha umtazame mguu. Mara chache unalazimika kubaki na mmoja, na ukibaki naye mtunze na karatasi yake, ili baada ya miaka mitano mtu mwingine aweze kukukosoa akiwa na mdudu mkononi. Ndiyo kiberiti kile kilichoniokoa mimi.

Jana usiku yule msomaji amenitumia picha nyingine. Amerudi kwenye kichaka kile kile saa kumi na mbili asubuhi akiwa na mwavuli. Picha ina ukungu kidogo, kidole chake kimechukua nusu yake, lakini mguu wa mbele upo, na kwenye paja, upande wa ndani, naliona jino. Nimemjibu kwamba hapo ameanza vizuri, sasa amgeuze ubavu nione pua.